Maswali Makumi Mawili: Na Sisi Tungejibu Namna Gani?



Nataka kuandika juu ya neno moja ambalo limeleta mabishano mengi katika klasi yetu tangu mwanzo wa trimestre hii. Neno lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kujifunza kuwa raia kwa kushika maneno ya kitabu? Na kama anaweza, ni nani aliye na lazima ya kujifunza: mgeni peke yake, ao mwenyeji vile vile?

Mabishano yalianza kwa sababu ya Australia. Wengi kati yetu tuko na ndugu kule. Ni watu wa kwetu Kivu waliokimbia vita, wakakaa miaka na miaka katika makambi, wengine Nyarugusu kule Tanzania, wengine Nakivale kule Uganda, wengine Kakuma kule Kenya, kiisha wakapokelewa na serikali ya Australia. Sasa miaka yao ya kungojea imetimia, nao wanataka kuwa raia kamili. Kumbe, mbele ya kupewa uraia, shurti wafanye egzameni. Mjomba wangu mmoja, mtu mwenye watoto wakubwa, anasoma kitabu kila jioni akitoka kazini. Niliposimulia habari hii, mwenzetu mmoja alisema: “Kwani mapendo ya inchi iko hesabu ya kuzidisha, mtu aikamate kwa kichwa?” Klasi nzima ikacheka.

Mimi sikubali kicheko kile. Mtihani ule uko na kasoro zake, nami nitazisema. Lakini ndugu zetu wanaulizwa maswali ambayo sisi tuliozaliwa raia hatujaulizwa na mtu hata siku moja. Naona hasara hapo ni yetu, haiko yao.

1. Mtihani wenyewe

Tusibishane juu ya kitu tusichokijua. Australia ilianza mtihani wa uraia tarehe 1 Oktoba 2007. Mtu anaketi mbele ya ordinateri, anapewa maswali 20, na kila swali lina majibu ya kuchagua. Dakika ni 45. Kusudi apite, anapaswa kupata 75 kwa mia, maana yake maswali 15. Yote yanaulizwa kwa Kiingereza. Watoto chini ya miaka 18 hawaulizwi, wala wazee wa miaka 60 na zaidi. Na mbele ya kufika hapo, kwa kawaida mtu shurti awe amekaa katika inchi ile miaka minne kwa ruhusa ya sheria, na mwaka wa mwisho awe na ruhusa ya kukaa siku zote.

Maswali yanatoka katika kitabu cha serikali ambacho kila mtu anaweza kukisoma bure. Kinaeleza bendera, bunge, mahakama, siku kuu, kazi ya raia. Tarehe 15 Novemba 2020 waliongeza jambo jipya. Katika yale maswali 20, matano ni juu ya mambo ya msingi ambayo inchi ile inasema inayashika: heshima na uhuru wa kila mtu, uhuru wa dini, wa kusema na wa kukusanyika, kutii sheria, mkubwa na mdogo sawasawa, serikali inayochaguliwa na watu, nafasi sawa kwa wote, wanaume na wanawake, kuvumiliana na kuwahurumia walio na shida, na lugha moja ya kuwaunganisha. Hayo matano yote shurti yajibiwe vema. Mtu akipata 19 kwa 20, lakini lile moja alilokosa likawa katika yale matano, ameanguka.

Maswali haya yako namna gani? Si fumbo. Kati ya yale ya mazoezi, moja linauliza kama inakubaliwa mume kumpiga mke wake kwa sababu hakumtii. Lingine linauliza kama wanaume na wanawake wapewe nafasi sawa ya kufuata kazi na mambo wanayoyapenda. Msomaji, usikimbie mbio. Fikiri kwanza namna mambo haya yanavyojibiwa katika nyumba za kwetu, kiisha useme kama ni maswali ya kitoto.

Akiisha kupita, mtu anaitwa kwenye mkutano wa sherehe. Pale anaahidi mbele ya watu kwamba atakuwa mwaminifu kwa inchi na watu wake, kwamba anaamini demokrasia pamoja nao, anaheshimu haki na uhuru wao, na atatii sheria zao. Kuna namna mbili za ahadi hiyo, moja inataja Mungu, nyingine haitaji. Kila mtu anachagua mwenyewe. Hata hapo wanaonyesha jambo walilofundisha.

2. Kasoro ambazo wapinzani wanazitaja

Wenzangu wanaopinga hawasemi upuzi. Nitaweka maneno yao hapa bila kuyapunguza.

Kwanza, lugha. Mama aliyekaa kambini miaka kumi na tano bila kalamu mkononi, atasoma Kiingereza namna gani mbele ya mashini? Yeye analisha watoto wa jirani, anaamusha wagonjwa, hajaiba hata sindano ya mtu. Anaanguka. Kijana mwerevu wa kutapeli watu anapita kwa dakika kumi. Mtihani umepima kusoma, haukupima moyo. Neno hili ni kweli, wala sina dawa yake.

Pili, kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Mwanaume anayempiga mke wake anaweza kubonyeza “hapana” kwa mkono ule ule anaopigia. Hilo nalo ni kweli.

Tatu, wenyewe walikuwa nani, hata waulize wengine? Hapa historia inasema kwa sauti kubwa. Tangu 1901 mpaka 1958 Australia ilikuwa na mtihani mwingine kwa wageni. Ofisa alimsomea mtu maneno 50 kwa lugha moja ya Ulaya, naye ayaandike. Lugha ilichaguliwa na ofisa. Kama hawakutaka mtu, sana sana mtu asiye mweupe, walichagua lugha asiyoijua, akaanguka, akarudishwa. Mwaka 1934 alifika Egon Kisch, mwandishi wa Ulaya aliyepinga Hitler. Serikali haikumtaka. Lakini alijua lugha nyingi! Basi walimpa mtihani kwa Kigaeli cha Skotland, lugha ya watu wachache wa milimani na visiwani. Akaanguka, akahukumiwa. Mashauri yalifika kwenye mahakama kubwa ya inchi, na waamuzi wakasema kwamba lugha ile haihesabiwi kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Serikali ikaaibika.

Tena kuna wenyeji wa kwanza wa inchi ile, waliokaa pale maelfu na maelfu ya miaka mbele ya Waingereza. Ni mwaka 1962 tu sheria iliwapa wote ruhusa ya kuchagua wabunge wa inchi nzima. Na katika hesabu rasmi ya watu wa inchi hawakuingizwa mpaka raia walipopiga kura ya tarehe 27 Mei 1967 ya kugeuza katiba. Zaidi ya 90 kwa mia walisema ndiyo. Maana yake inchi yenyewe ilichelewa sana kujifunza somo la usawa ambalo leo inaliuliza kwa mgeni.

Sisi tunaosoma Biblia tunakumbuka habari ya Waamuzi, sura ya 12, namna watu walivyosimamishwa kwenye vivuko vya Yordani na kuambiwa wataje neno moja. Aliyelitaja vibaya aliuawa. Hapa kwetu hatuhitaji kueleza sana. Kuna watu waliosimamishwa njiani wakapimwa kwa namna wanavyotamka, ao kwa namna ya pua yao. Kwa hiyo mwenzetu akisema anaogopa mtihani wa namna hii, anayo sababu ya kuogopa.

3. Lakini tofauti iko wapi?

Tuangalie vizuri. Mtihani wa Kisch ulifichwa. Ofisa alijua lugha, mgeni hakujua. Ulitengenezwa kusudi mtu aanguke. Mtihani wa leo, serikali inakupa kwanza kitabu, inasema: “Soma, maswali yatatoka humu.” Ukianguka, unaweza kurudia. Mitihani hii miwili inatofautiana sawasawa na mtego na daraja, ingawa hata daraja linaweza kuwa jembamba kwa mama yule niliyemtaja.

Na kuna jambo lingine, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kupita yote. Serikali ikiandika katika kitabu kwamba watu wote wako sawa mbele ya sheria, kiisha ikamlazimisha mgeni ayashike maneno haya kwa kichwa, imejifunga yenyewe. Imeweka sahihi yake. Ni sawa na karatasi ya deni: moja iko kwa mwenye kukopa, moja iko kwa mwenye kukopesha. Maneno uliyoyashika kwa kichwa, unaweza kumdai mkubwa nayo.

Mjomba wangu alituandikia habari moja. Mahali alipotumika kazi, mkubwa wa kazi alikuwa anakata saa zake za usiku na hazilipi. Miaka miwili alinyamaza, maana alijiambia: “Mimi ni mgeni, wanaweza kunirudisha.” Alipoanza kusoma kitabu cha mtihani, aliona neno lile kwamba hakuna mtu aliye juu ya sheria. Akauliza, akajua kuna ofisi inayopokea mashitaka ya wafanya kazi. Akaenda. Alilipwa. Aliandika hivi: “Nilifikiri ninasoma kusudi niwafurahishe wao. Kumbe kitabu kilikuwa kinasema na mimi vile vile.”

Basi, kushika maneno kwa kichwa si mapendo. Nakubali. Lakini ni mwanzo wa kuwa na kitu mkononi. Raia asiyejua inchi yake ilimwahidi nini hawezi kuidai, na asiyejua yeye aliahidi nini hawezi kuitimiza.

4. “Wazazi wetu nao walishika maneno”

Hapa mwalimu mmoja, ambaye namheshimu sana, alinipinga. Alisema: “Kijana, sisi tulikariri kupita hao wote. Imetusaidia nini?” Ana haki ya kusema hivyo. Wakati wa Zaire, watoto walijipanga mbele ya bendera kila asubuhi, wakaimba, wakacheza animation, wakapiga kelele za kumsifu kiongozi. Kila Mzairwa alihesabiwa kuwa mwana wa M.P.R. tangu kuzaliwa, apende asipende. Salongo ilikuwa ya lazima. Mwishoni mwa 1974 nyumba za masomo za makanisa, na zetu za Kiprotestanti ndani, zilitwaliwa na Serikali, na somo la dini likaondolewa, likawekwa somo la siasa ya chama. Zilirudishwa chini ya makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Kweli, kukariri kulikuwako, na kwa wingi. Lakini wakati ule ule watu walijifunza matabishi, wakajifunza kwamba kitu cha Leta hakina mwenyewe, kiisha tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe akatangaza mwisho wa chama kimoja.

Namjibu mwalimu wangu kwa heshima. Maneno yale yalifunga upande mmoja tu. Yalimfundisha raia kusifu. Hayakumpa neno hata moja la kumuuliza mkubwa: “Baba, mbona hukufanya vile ulivyosema?” Karatasi ya deni ilikuwa moja, nayo ilikaa mfukoni mwa mkubwa. Ndiyo maana ilipofika siku ya kulipa, hakuna aliyeweza kuionyesha.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kama somo la uraia ni zuri ao baya, usitazame kama watoto wanalikariri. Tazama kama maneno yale yanamshika mkubwa vile yanavyomshika mdogo.

5. Uraia wa kuzaliwa ni kitu cha bure?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 22, jemadari wa Roma anamwambia Paulo kwamba yeye aliupata uraia kwa mali nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye alizaliwa nao. Mara nyingi tunasoma hapo tunafurahi tu kwamba Paulo alimshinda jemadari. Lakini angalieni: Paulo aliweza kusimamisha fimbo kwa sababu alijua sheria. Alijua kwamba si halali kumpiga Mroma ambaye hajahukumiwa. Raia wa kuzaliwa asiyejua sheria yake angepigwa mpaka mwisho, na uraia wake mfukoni.

Ndugu zetu wa Australia, kwa kweli, wanalipa bei kubwa kupita jemadari. Sheria ya Australia haiwaombi waache uraia wao wa kwanza. Tangu tarehe 4 Aprili 2002 raia wake wanaruhusiwa kuwa na uraia mwingine. Ni sheria yetu inayofunga mlango. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, tena hauchanganywi na mwingine wowote. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 nayo inasema hivyo. Maana yake mjomba wangu, siku ile atakapoinua mkono na kuahidi, mbele ya sheria anaacha kuwa Mkongomani. Kaburi la mama yake liko huku. Lugha anayoombea iko ya huku. Mtu anayekubali bei kama hii, tutamcheka kwa sababu anasoma usiku?

Na tusisahau kwamba hata hapa kwetu uraia si kitu ambacho kila mtu alikikuta chini ya mti. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda-Urundi na kukaa Kivu tangu mbele ya mwaka 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikageuza jambo hilo, na watu wengi waliolala raia wakaamka wageni. Sitaki kuamsha ugomvi ndani ya buletini hii. Nasema tu kwamba tumeona kwa macho yetu matunda ya mabishano yale: mashamba yaliyochomwa, watu waliokufa, watoto wanaotukanwa uwanjani kwamba warudi kwao. Uraia ni jambo la sheria, na sheria shurti ijulikane, la sivyo kila mwenye fimbo atajifanya mwamuzi.

6. Tujaribu sisi wenyewe

Katiba ile ile, kifungu cha 62, inasema hakuna mtu anayeweza kujitetea kwamba hakuijua sheria. Lakini ni wangapi kati yetu tumeisoma? Hapa nitaweka maswali matano, kwa mfano wa yale matano ya Australia. Funika majibu kwa mkono wako.

La kwanza. Jirani yako amekamatwa na polisi. Wanaweza kumshika kituoni muda gani mbele ya kumpeleka kwa waamuzi ao kumwachilia? Jibu: saa 48, haiwezi kupita, na shurti aambiwe sababu kwa lugha anayoisikia. Ni kifungu cha 18. Ni jamaa ngapi zimeuza mbuzi kumtoa mtu ambaye sheria ilikwisha kumtoa?

La pili. Mkubwa wako anakuamuru kufanya jambo ambalo kila mtu anaona wazi ni kinyume cha sheria. Unapaswa kutii? Jibu: hapana. Kifungu cha 28. Finalisti watakaoingia kazi za Serikali ao jeshi, mliandike hili kwenye mlango wa chumba.

La tatu. Masomo ya msingi katika nyumba za Serikali ni ya kulipa ao ya bure? Jibu: ni ya lazima na ya bure. Kifungu cha 43. Katiba ilisema mwaka 2006, lakini Serikali ilianza kulitekeleza kwa inchi nzima mwaka 2019. Miaka kumi na mitatu! Hapa tunaona karatasi ya deni inavyokawia kulipwa kama wenye kudai wananyamaza.

La nne. Pesa nyumbani inatosha mtoto mmoja tu kuendelea na masomo. Msichana ana pointi kupita kaka yake. Nani aende? Hapa Katiba haikuandika jina la mtoto, lakini vifungu vya 12 na 14 vinasema watu wako sawa mbele ya sheria na ubaguzi juu ya wanawake uondolewe. Jibu unalijua. Swali ni kama baba yako analijua, na kama wewe, siku utakapokuwa baba, utalikumbuka.

La tano. Mwenzako wa bwenini ana kabila lingine na lugha nyingine. Una deni gani kwake? Jibu: kumheshimu na kutombagua hata kidogo. Kifungu cha 66. Angalieni, hili halikuandikwa kati ya haki. Liliandikwa kati ya kazi za lazima za kila Mkongomani.

Kwa sheria ya Australia, ukikosa moja katika haya matano, umeanguka, hata kama unajua majina ya marais wote na siku zote za historia. Tungebaki wangapi?

7. Ombi langu

Nisimalize kwa maneno matupu. Tuko na saa moja kwa juma ya somo la uraia na tabia njema. Mara nyingi saa ile inageuka kuwa ya kunakili ubaoni, kiisha tunaisahau mpaka siku ya egzameni, na siku ile wengine wanakopia. Kukopia katika mtihani wa uraia! Ni sawa na kuiba mkoba wa mtu anayekufundisha amri ya nane.

Basi naomba kamati ya wanafunzi na wakubwa wetu wa masomo wafikiri juu ya mambo haya matatu:

Kwanza, vifungu vya haki na vya kazi za raia viandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi za ronéo, kila klasi ipate. Katiba yenyewe, kifungu cha 142, inataka sheria zitangazwe kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Sisi wa pedagogie tunaweza kufanya kazi ya kutafsiri pamoja na walimu. Waliotoboa stensili za buletini hii watajua namna ya kutupatia.

Pili, mbele ya kuchagua shefu wa klasi mwaka ujao, kila mwanafunzi ajibu maswali makumi mawili, na matano kati yake yawe yale ya msingi. Anayetaka kuchaguliwa shurti apate yote matano. Mwaka huu tuliona kura zilizonunuliwa kwa mikate na sukari. Hatutaji jina, mikate ilikwisha kuliwa. Lakini anayenunua kura kumi kwa mkate leo, kesho atanunua kartie nzima kwa gunia la mchele.

Tatu, na hapa naomba walimu wasinikasirikie: wao vile vile wajibu maswali yale, na pointi zao zibandikwe ukutani pamoja na zetu. Nimekwisha kusema kwamba somo linalofunga upande mmoja halina faida. Mwalimu akikubali kuulizwa mbele yetu, tutakuwa tumejifunza kifungu cha 12 kwa siku moja kupita kukinakili mara kumi.

Mjomba wangu ataingia katika mtihani wake mwezi ujao. Wenzangu mlio na ndugu katika hali ile, waandikieni maneno ya kuwatia moyo, kusudi wasione haya. Na jioni, badala ya kukaa kuwacheka, tuchukue karatasi, tuulizane yale matano, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mtu wa bweni ayajue bila kufunika na mkono.

Mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa humanite, pedagogie